Faili la Bonifasia

Kwanza ilikuwa harufu. Chumba cha seva kilikuwa na kiyoyozi kimoja na dirisha lisilofunguliwa, lakini Jumatatu ile saa nne asubuhi kilinuka udongo mbichi, ule wa kaburi lililochimbwa sasa hivi. Tadei alitazama soli za viatu vyake akaona ni safi.

Alikuwa fundi wa kompyuta wa hospitali ya misheni, pale ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Soko huria lilikuwa limeleta zahanati za watu binafsi kila kona, na hospitali, isije ikaachwa nyuma, ikanunua seva na kuingiza humo mafaili yote ya wagonjwa, ya walio hai na ya marehemu. Sasa seva ilikuwa imekufa mara ya tatu ndani ya wiki moja, na fundi mwenyewe hakuwa na raha hata chembe. Nyumbani binti yake Bonifasia, wa miaka mitatu, alikuwa na homa isiyojulikana chanzo. Vipimo vyote vilitoka safi, na mtoto alizidi kukonda.

Akaanza na umeme, maana jenereta lile lilikuwa na vituko vyake. Umeme ulikuwa sawa. Akapima diski, nzima. Akarudisha nakala ya akiba ya Ijumaa. Seva ikaamka, ikafanya kazi dakika mbili, ikazima. Akarudisha ya mwezi uliopita, yakawa yaleyale. Basi ugonjwa haukuwa kwenye mashine, ulikuwa kwenye data yenyewe: imeoza mahali, na seva kila ikifika hapo inakabwa. Akaiamuru isome faili mojamoja. Ikasoma maelfu, ikagota kwenye moja, nalo lilikuwa la binti yake.

Ndani mlikuwa na mahudhurio ya kliniki ambayo hayakuwahi kutokea, moja kila siku, bila jina la muuguzi. Uzito kilo kumi na mbili. Kumi na moja na nusu. Kumi na moja. Ndivyo mtoto alivyokuwa akipungua kweli. Na hii ilikuwa nakala ya mwezi uliopita, iliyofungiwa kabatini kabla mtoto hajaugua. Orodha ilipita leo, ikapita kesho, ikaishia Alhamisi.

Tadei akamwita Rosina, karani wa masjala. Rosina aliingia hatua mbili, akaziba pua, akaanza kulia kabla hajaulizwa.

"Ulisema mwenyewe, kaka Tadei. Ulisema mama yako amerudi, nimfungulie faili lake."

Alisema kweli. Mtoto alipozaliwa akarithishwa jina la bibi yake, marehemu Bonifasia, na kama ilivyo desturi baba akawa anamwita mama, anamwamkia shikamoo kwa utani. Rosina naye, kwa kukwepa kazi, hakufungua faili jipya. Alilichukua la marehemu, akafuta tarehe ya kifo, akaweka ya kuzaliwa mtoto. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na Tadei alijua nani kajichoma.

Rosina akakimbia wodini kumwita Mzee Raimundi, mganga wa kienyeji wa kijiji cha Tingi, aliyekuwa akimuuguza mkewe wiki ile. Mzee aliitikia shikamoo yao akiwa mlangoni, akakataa kuvuka kizingiti.

"Kurithi jina si kosa," alinong'ona. "Lakini marehemu hufungiwa mlango wake, mtoto akafunguliwa wa kwake. Ninyi mmeuacha wazi. Aliyeingia si mama yako. Ni jini, limekuta jina halina mlinzi. Rudisha tarehe ya kifo. Mtoto mpe jina lingine."

"Mzee, hili ni jina la mwanangu. Nikiandika kifo, atakufa nani?"

"Sijui, mwanangu. Ila Alhamisi si mbali."

Tadei akaweka vidole kwenye kibodi, na hapo kiyoyozi kikanyamaza ilhali taa zinawaka, harufu ya udongo ikamjaa kinywani kana kwamba ameumega na kuula, kitu kikaanza kukwaruza ndani ya seva taratibu kama kucha chini ya mbao, na kila tarakimu aliyoiandika ikajifuta, akaiandika tena, ikajifuta, akaiandika akimwomba Mungu na mama yake kwa pamoja, akijichukia kwa kila tarakimu kwa kuwa huenda alikuwa akimzika binti yake kwa mikono yake mwenyewe, mpaka tarehe ikakaa, akabonyeza kuihifadhi, na kukwaruza kukakoma.

Seva ikaamka, haikuzima tena. Mafaili yote yakasomeka.

Alikimbia nyumbani bila kufunga mlango wa ofisi. Mkewe Jacqueline alikuwa barazani akimlisha mtoto ugali na usipa, dagaa wa ziwani, na mtoto alikuwa akidai zaidi. Tadei akakaa chini kwenye vumbi, akalia. Siku ileile wakamwita Margareta.

Alhamisi ikaja, ikapita. Jumapili baada ya misa Jacqueline alibaki kanisani na wanakwaya, na Tadei akakaa sebuleni na mtoto mapajani, mzito, amejaa, anacheka. Nyumbani hapakuwa na mtu mwingine. Furaha ikamsahaulisha.

"Mama Bonifasia," akamnong'oneza, "mama yangu."

Mtoto akaacha kucheka. Hakumtazama baba yake. Alitazama pazia la chumbani.

"Abee," ikaitika sauti ndogo kutoka kule ndani. "Nakuja, baba."