Mwisho wa Lami

Jumamosi asubuhi mtaa wa spea hauna adabu. Matairi yamepangwa hadi barabarani, na mpita njia anavutwa mkono, "Bosi, karibu, tunayo!" kabla hajasema anataka nini. Katikati ya vurugu hiyo akatokea kinyozi mmoja, shati jeupe limepigwa pasi, viatu vinang'aa, karatasi ndefu mkononi, akaingia duka la kona kama mtu aliyealikwa harusini.

Nyuma ya kaunta alikuwepo dada wa spea: ovaroli ya bluu, kilemba chekundu, hereni ndogo za dhahabu, vidole vina grisi. Aliisoma ile karatasi mpaka chini.

"Kaka, unahama nchi?"

"Nimenunua gari. Kuukuu, lakini linavuta kwa magurudumu yote manne. Nataka niwe natoka mjini, nashika njia za porini, nalala huko na nyota zangu."

"Hema la juu ya gari, winchi ya kujivutia, taa nane... Taa nane za nini, umepoteza ng'ombe?"

"Nimeona kwenye video."

"Na umeshawahi kutoka nje ya lami?"

Kinyozi akakohoa. "Bado."

Dada alicheka mpaka akashika kaunta. Kisha akachukua kalamu, akakata karibu kila kitu. "Anza na sepetu, kamba ya kuvutia, pampu, na maji mara mbili ya unavyodhani yatatosha. Ukifika kwenye mchanga, punguza upepo matairi yote. Tairi likilegea linapita juu ya mchanga, likijaa linajichimbia kaburi. Hayo mengine utanunua ukishajua unakwenda wapi."

"Muuzaji gani huyu anakataa kuuza?"

"Anayetaka mteja arudi. Na kila ukitoka, nipigie. Uniambie unapita wapi na unarudi saa ngapi, niandike kwenye kalenda."

Alilisema hilo kikazi kabisa, lakini kinyozi alilisikia kimapenzi. Mimi simlaumu.

Jumatatu ndiyo siku ya vinyozi kupumzika, na Jumatatu ndipo mapenzi yao yalipoanza, kwa simu.

"Mwalimu, nimekwama kwenye tope. Gari limekaa kama kuku anayeatamia."

"Ulishuka kwanza ukapima kina kwa miguu?"

"Hapana."

"Kinyozi wewe! Kwani wembe unaupeleka kabla hujashika kichwa cha mtu? Haya, gia ndogo. Usikanyage mafuta kwa hasira. Polepole... polepole..."

"Limetoka! Limetoka, mpenzi!"

Dada akaweka kalamu chini.

"Umeniitaje?"

"Mwalimu."

"Nimesikia, bwana."

"Kama umesikia mbona unauliza?"

Toka siku hiyo, kinyozi akishafika juu ya kilima alikuwa anampigia na kumsimulia: nyasi ndefu za rangi ya asali zinavyoinama zote upepo ukipita, ukimya ulivyo mzito mpaka unasikia mapigo ya moyo wako, mawingu yanavyotembeza vivuli bondeni bila haraka. Dada wa spea aliegemea rafu ya vichujio, macho kayafumba, wateja wanaita plagi, yeye yuko mbali kabisa.

"Endelea," alinong'ona. "Nyasi zimefanyaje tena?"

"Njoo uone mwenyewe, kipenzi. Kiti cha pembeni kitupu."

"Wiki hii kuna mzigo unashuka."

Wiki iliyofuata mama yake alikuwa na mafua. Iliyofuata ikawa hesabu ya bidhaa. Jumatatu saba zikaenda hivyo. Mteja mmoja akiwa na povu shavuni akamwambia kinyozi, "Mwanamke leo mzigo, kesho mama, ujue kuna mwenzio." Neno likamwingia kama mwiba.

Jumatatu ya nane akauliza, "Una mtu?"

"Una wazimu?"

"Basi unanionea haya. Sawa. Naenda bonde la mawe, narudi saa tisa." Akazima simu, tena kwa makusudi.

Saa tisa ikafika. Dada wa spea akapiga, hapatikani. Tisa na nusu, hapatikani. Saa kumi akamrudishia mteja chenji ya mtu mwingine. Akachukua funguo za pikapu ya duka, akaondoka bila kuaga.

Saa kumi na moja, jua bado lipo, kinyozi alirudi akipiga mluzi, akamkuta. Pikapu imesimama pale lami inapoishia, magurudumu ya mbele yamegota ukingoni. Yeye kasimama kando, kilemba kimemwangukia mabegani, uso umelowa.

"Ulikwama?"

"Hapana."

"Simu ilikufa?"

"Niliizima. Nilitaka na wewe uonje kungoja, kama ninavyokungoja mimi."

Dada akakaa chini pale pale barabarani.

"Baba yangu alikuwa dereva wa wapima ardhi," alisema. "Alituambia atarudi Alhamisi. Hakusema anapita wapi. Gari lilionekana baada ya siku kumi na moja, tanki tupu. Yeye hakuonekana mpaka leo. Nilikuwa na miaka kumi, nikakaa kizingitini nikingoja. Tangu hapo sijavuka lami, hata hatua moja. Haya ninayokufundisha yote ni maneno yake. Sasa nimeonja, kinyozi. Usinipigie tena."

Akaingia kwenye pikapu, akageuza, akaondoka. Laiti ardhi ingepasuka, kinyozi angeshuka mwenyewe.

Wiki tatu hakutoka mjini. Jumatatu alifungua saluni akafagia sakafu safi. Wiki ya nne akaegesha gari mbele ya duka la kona, kioo cha mbele kimebandikwa karatasi: LINAUZWA.

"Nani amekuambia uuze?" dada aliuliza mlangoni.

"Roho yangu. Siwezi kukukalisha kizingitini tena. Nisamehe, mpenzi. Nilikuwa mjinga."

"Mjinga ulikuwa, hilo hatubishani." Akashusha pumzi. "Lakini wiki hizi tatu nasikia hukwenda popote, na kila Jumatatu saa tisa moyo wangu ulikuwa mlangoni. Kumbe gari lako halina kosa. Mimi ndiye sijawahi kuinuka pale kizingitini. Nimechoka kungoja. Nataka kwenda. Lete funguo."

Akabandua ile karatasi, akapanda upande wa usukani. Walipofika ukingo wa lami alisimamisha gari, akafumba macho. Kinyozi hakumharakisha. Gari likashuka kwenye vumbi.

Dakika kumi baadaye likazama mchangani mpaka ekseli.

"Mwalimu," kinyozi akasema taratibu, "upepo tumepunguza?"

"Nyamaza!"

Wakatazamana, wakaangua kicheko mpaka machozi, na ya dada yakaendelea kicheko kilipoisha. Kinyozi akamshika, akamwacha alie. Mbele yao njia ilipanda taratibu kati ya nyasi, ikapotea kwenye mwanga mweupe. Kisha dada akatoa simu.

"Mama. Niko nje ya lami."

Mama akapunguza sauti. "Uko na nani, mwanangu?"

"Na yule kinyozi."

"Kuna nini huko?"

Dada akatazama. Miaka yote alidhani angeona kitu cha kutisha. "Nyasi, mama. Ni pazuri. Baba hakuwa mahali pabaya."

Upande wa pili alisikika mama akijipenga pua. "Mpe simu huyo mwanaume."

Kinyozi akafuta mkono kwenye suruali ndipo akaipokea. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Binti yangu unamrudisha saa ngapi?"

"Saa kumi na moja, mama. Tunarudi kwa njia hii hii tuliyojia, ya kilimani." Akamtazama dada aliyekuwa na mchanga mpaka kwenye kope. "Na kesho nitakuja kumposa, nisimrudishe tena."

Dada akaitwaa simu. "Mama, usimkatalie," akasema. "Mimi nimeshakubali."