Pumba Nyeusi za Marta

Marta anasuka mikeka hapa Rujewa. Kabla ya kusuka, huchemsha ukindu kwa rangi ya unga, nyekundu au zambarau. Kusuka hakumchoshi sana. Kinachomchosha ni maji ya rangi yanayobaki.

Zamani aliyamwaga kwenye mfereji, kama kila mtu anavyomwaga chake. Siku moja Bupe, mwenye bustani kule chini, alikuja na ndoo ya maji mekundu. Akaitua mlangoni.

"Mama Ombeni, mchicha wangu unakunywa haya," alimwambia Marta. "Na watu wanaula."

Abrahamu, mwenyekiti wa mfereji, naye akaja. "Jumamosi nitapita. Nikikuta rangi tena, hutachemsha hapa."

Mikeka ndiyo inayolisha nyumba ile. Basi Marta akaanza kubeba ndoo kwenda kumwaga porini. Mgongo ulimuuma mpaka akashindwa kuinama. Jirani yake Tupokigwe, anayefanya kazi maabara ya sekondari, alimkuta amekaa njiani.

"Dada, mvua itayarudisha hayo," alisema. "Chukua pumba mashineni, yale maganda ya mpunga. Zichome, halafu uchujie maji."

Marta alikuwa amechoka hata asiweze kuuliza. Mumewe Fred alikuwa amechoma tanuru la matofali kwa pumba, na jivu lilikuwa tele uani. Ya nini kuchoma tena? Akajaza jivu kwenye ndoo, akamimina maji. Yakatoka mekundu vilevile, tena na tope. Marta akakaa chini, akalia.

Jioni Tupokigwe alichungulia ile ndoo. "Hili ni jivu. Limeungua likaisha. Mimi nataka nyeusi, mkaa wa pumba. Ule una vitundu vidogo sana, ndivyo vinavyokamata rangi."

"Ungesema mapema, mdogo wangu."

"Hukuuliza, dada."

Wakachoma pumba taratibu. Zilipokuwa nyeusi, kabla hazijawa za kijivu, wakazimwagia maji zizimike, kisha wakazisuuza. Wakatoboa ndoo chini. Wakatandika kitambaa, mchanga, kisha pumba nyeusi hadi karibu na juu. Maji ya rangi yalipoa kwanza, ndipo wakayamimina kidogo kidogo. Mara ya kwanza yalitoka na wekundu hafifu. Wakayarudisha. Mara ya pili yalitoka meupe.

"Usinywe, wala usimwagilie mboga," Tupokigwe alionya. "Chemshia ukindu tena. Pumba zikishindwa kukamata rangi, weka mpya. Za zamani zifukie mbali na kisima na bustani."

"Ndaga," Marta alishukuru kwa kikwao. Asante nyingine hakuwa na nguvu nayo.

Jumamosi Abrahamu alifika. Akatazama mfereji, akatazama ukindu mwekundu kwenye kamba.

"Rangi umeipeleka wapi?"

Marta akaonyesha ndoo. Abrahamu akachota maji yaliyochujwa, akayatazama juani.

"Endelea na kazi," alisema.

Bupe alikuja baadaye na fungu la mchicha. Akamkuta Marta amelala mchana kwenye mkeka wake mwenyewe. Akaliweka fungu kando ya mlango, akaondoka bila kumwamsha.