Mlango Usio na Komeo

Nzi-kipimo arobaini wa chuma waliingia nyumbani kwa Damari Semkiwa saa tatu asubuhi, kila mmoja mdogo kuliko punje ya mtama. Waligonga kuta ili kusikiliza nyufa, wakanusa unyevu chini ya sinki, wakahesabu hata misumari ya paa. Kutokana na vipimo vyao, dalali mnemba angejenga pacha wa nyumba, yaani nyumba ya mwanga mtupu ambayo mnunuzi aliyeko Dodoma, au hata kwenye kituo cha angani, angeweza kutembea ndani yake, akafungua makabati na kusikia mvua ikipiga bati. Katika jiji la Tanga la mwaka 2094, karibu kila nyumba iliuzwa hivyo. Muuzaji na mnunuzi hawakuhitaji kuonana.

Dalali mnemba mwenyewe alikuwa kisanduku cheupe juu ya meza, na sauti yake ilikuwa ya upole kama ya mhudumu wa benki.

"Nyumba ina vyumba saba na wakazi watatu," kilisema.

Elieza, mume wa Damari, alicheka mpaka akakohoa. "Mama Mbonea, umemficha nani humu ndani?"

"Vyumba vinne, wakazi wawili," Damari alisahihisha. "Nzi wako wamepita mlango wa uani wakaingia kwa jirani yetu, Bi Mwanakombo. Ule mlango hauna komeo, upande wake wala upande wetu."

"Nimesahihisha," kisanduku kilijibu. "Mlango huo na jirani vimehamishiwa kwenye orodha ya kasoro. Roboti waashi watauziba kwa ukuta ndani ya muda wa saa nne. Baada ya hapo, nyumba itauzwa katika siku sita. Weka kidole gumba hapa kukubali."

Siku sita! Damari alimtazama mumewe. Moyo wa Elieza ulikuwa umechoka, na joto la kaskazi lilikuwa likizidi kuwa kali kila mwaka. Daktari alikuwa amesema bila kuzunguka: ahamie Lushoto, kwenye baridi ya milima alikozaliwa, kabla Desemba haijaingia. Ilibaki miezi miwili. Damari aliinua kidole gumba.

Mlango wa uani ukalia kwenye bawaba. Bi Mwanakombo aliingia, kanga ya swala bado kichwani, na nzi mmoja wa chuma akiwa amekaa begani kwake.

"Mainzi yenu haya yamekuja kunipima juu ya msala, naswali dhuha yangu! Mnaniuza na mie, au?"

Elieza alianza kucheka, kisha akaona uso wa mke wake akaacha.

"Shoga, nilikuwa nataka kukuambia," Damari alisema.

"Lini? Siku ya lori?" Bi Mwanakombo alivuta kiti akakaa. "Miaka thelathini na miwili unaingia kwangu bila hodi. Ulipojifungua Mbonea ni mikono hii iliyompokea, gari la wagonjwa limekwama Majani Mapana. Leo habari ya kuhama kwako naletewa na nzi."

Kila jioni kwa mwezi mzima alikuwa amevuka mlango ule na sahani ya chakula akinuia kusema, na kila jioni alirudi na sahani tupu na neno lile lile mdomoni.

"Basi hatuendi," alisema hatimaye.

"Usiniletee upuuzi. Nikikuzuia, moyo wa huyu ukasimama, nitamkabili Mungu kwa uso gani? Nendeni. Lakini ukuta sitaki. Nitafutie mtu, Damari. Si mnunuzi. Mtu."

Alipoondoka, Damari aliingia chumbani akapiga magoti. Hakuomba bei nzuri. "Bwana," alisema, "mume wangu anahitaji haraka, na jirani yangu anahitaji subira. Mimi sina uwezo wa vyote viwili. Nionyeshe nianze na lipi."

Alipotoka, alimkuta Elieza mlangoni. "Nimekusikia," alisema mzee. "Na mimi nina jibu dogo. Huu moyo ni wangu. Nasema usubiri. Tuuze wenyewe."

"Na ukizidiwa?"

"Nikizidiwa utanisuta mpaka nipone. Kazi hiyo unaijua."

Damari alirudi mezani akamwambia dalali mnemba kwamba hawamhitaji tena.

"Tafadhali nipe sababu, ili nijifunze," kisanduku kilisema. "Chagua moja: bei, muda au huduma."

"Jirani."

"Jirani mwenye kelele, mwenye harufu au mwenye mgogoro wa mpaka?"

Damari alifikiri kwa moyo wa kweli, kwa sababu hakupenda kumwacha hata mashine bila jibu. Mwishowe alikizima taratibu.

Kumbe kuuza nyumba mwenyewe kunataka ulimi ambao Damari hakujaliwa. Mnunuzi wa kwanza hakuwa hata amekaa alipoambiwa kwamba jiko hujaa maji wakati wa masika na mchwa wamekula fremu ya dirisha.

"Mama Mbonea, tunauza au tunatubu?" Elieza alinong'ona.

Wa pili aliutazama mlango wa uani, akamtazama Bi Mwanakombo aliyesimama hapo akimkagua kama kitambaa cha dukani, akaaga. Wiki zikapita. Miguu ya Elieza ilivimba. Mwishoni mwa Novemba alikuwa akishinda barazani amekaa wima, maana akilala pumzi ilimkimbia. Mara mbili Damari alikishika kile kisanduku cheupe, mara mbili akakirudisha kabatini.

Ndipo akaja Zakayo Mnzava, mhandisi wa makamo, mkimya, hana hata nzi mmoja wa kupima. Damari alimweleza maji, mchwa, kisha akamfikisha kwenye mlango.

"Huu nao?" Zakayo aliuliza.

Kabla Damari hajajibu, Bi Mwanakombo alijitokeza. Alikuwa ametoka barazani kumtazama Elieza. "Huu ufunge tu, mwanangu," alisema haraka. "Weka ukuta. Mie mwenyewe baridi inanisumbua." Akamgeukia Damari. "Huyu ndiye. Nimempenda. Muuzie leo hii."

Jasho lilikuwa likimtiririka Bi Mwanakombo shingoni. Damari alimjua mwanamke huyu kwa miaka thelathini na miwili, na ule ndio uongo wa kwanza kuusikia kwake. Machozi yalimjaa.

Zakayo alifuta uso wake uliolowa jasho. "Baridi, bibi?"

Mgeni akakaa juu ya kizingiti, nusu upande huu, nusu upande ule.

"Wale nzi-kipimo wanaotumwa na madalali ni mimi niliyewabuni," alisema. "Mama yangu nilimjengea nyumba Arusha, nikaijaza nzi wangu. Ilikuwa na uchochoro wa kwenda kwa jirani, nikauziba, maana vipimo vilisema ni kasoro. Mama alifariki Jumatatu. Mimi nilijua Alhamisi. Siku zote hizo nzi waliandika joto, unyevu na hali ya paa, na kila kitu kilikuwa sawasawa. Hakuna aliyebisha hodi." Aliupapasa ubao wa mlango. "Bibi, mimi kupika sijui na kuongea sijui. Lakini nikiambiwa niingie kila siku, nitaingia."

Bi Mwanakombo alisogea kando ya mlango kumpisha.

"Kupika utafundishwa," alisema, na sauti yake ilikuwa imerudi kuwa yake. "Toka hapo kizingitini, mtu hakai njiani. Ingia ndani ule." Kisha, bila kugeuka: "Na wewe Damari umesimama nini? Nenda kafungashe. Mumeo anataka hewa."

Damari alikwenda. Alifungasha akilia kwa sauti, hakujificha, na katikati ya kilio chake alikuwa akishukuru.