Namba Imepanda

Kila asubuhi kabla ya shule, Karani alikwenda kupima kisima nyuma ya zahanati. Jina hilo alipewa na baba yake kwa utani, kwa sababu alipenda kushika chaki tangu akiwa hajui kusoma. Baba ndiye aliyekuwa mpimaji. Alipofariki, kazi iliachwa kwa mama, na mama, ambaye alfajiri ilimkuta bustanini, akamwachia binti yake.

Karani hakulia msibani, wala baada ya hapo. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi. Akiambiwa ale, alikula, akiambiwa alale, alilala.

Kisima chenyewe hakikuwa cha kuchota. Kilikuwa bomba jembamba lililozamishwa ardhini, lenye kifuniko na kufuli. Karani aliteremsha utepe wa kupimia mpaka kidude cha mwishoni kikalia "pii" kwa kugusa maji. Akasoma namba, akaenda kuiandika ubaoni, pale watu wanapopanga foleni ya maji. Wiki hiyo namba ilizidi kukua. Chini yake akaandika: MAJI YAMEPANDA.

"Hongera, Karani!" alisema fundi baiskeli. "Sasa hata gari langu nitaliosha."

"Gari gani, wewe? Baiskeli yenyewe ya kuazima!" mama mmoja akamtania.

Foleni nzima iliangua kicheko. Karani hakucheka.

Jioni mama alirudi akiwa na furaha. "Kwa maji haya, kesho mimi na wenzangu tunahamishia miche ya nyanya shamba zima, mpaka kule juu. Hebu nichotee maji ninawe."

Karani alitumbukiza ndoo kwenye kisima cha nyumbani. Ikaning'inia hewani.

"Kamba itakuwa imekatika tena," mama alisema. "Ongeza kipande kile cha mlangoni."

Kilikuwa kipande ambacho baba alifungia mizigo. Karani alikiunga, akateremsha ndoo, akasikia maji yakiipokea huko chini kabisa. Mikono yake ikasita. Kamba imerefuka kwa sababu maji yako mbali zaidi. Na utepe je? Nao ulipima kutoka mdomo wa kisima hadi kwenye maji. Namba ikipanda, maji yameshuka!

Aliogopa. Angeweza kufuta ubao kimyakimya asubuhi, na hakuna ambaye angejua. Lakini miche ingehamishwa vilevile, na ingekaukia shambani.

"Mama, nimekosea," alisema, akaeleza yote.

Mama aliuliza: "Baba yako hakukufundisha?"

"Alinifundisha. Siku hizi nasoma namba tu, mama. Sifikirii chochote."

Mama alimshika bega. "Kesho tutakwenda wote."

Kulipokucha, Karani alifuta ubao mbele ya foleni na kuandika: MAJI YAMESHUKA. NILIKOSEA. Kisha akasoma kwa sauti.

"Na miche yetu?" mama mmoja alilalamika. "Tumeihangaikia weee!"

Walibishana, mwisho wakakubaliana wapande sehemu ya bondeni tu, na wamwagilie kwa zamu.

"Basi gari langu libaki na vumbi lake," fundi baiskeli akasema.

Karani alicheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na yalipoanza kutoka hayakukatika. Alimlilia baba yake pale pale, mbele ya watu na ndoo zao. Mama alimkumbatia, na hakuna aliyewaharakisha.

"Sikiliza, mwanangu," mama alisema binti yake alipotulia. "Kila mtu hukosea. Lakini watu wanapanda na kuchimba kwa kutegemea ubao huu. Ungejua kosa ukanyamaza, ungekuwa umewadanganya wote. Umesema kweli, na umeokoa jasho letu. Mimi nami nilikosea, kazi hii haikuwa ya kubeba peke yako. Kuanzia kesho tutapima pamoja."

Karani alifuta uso kwa kiganja chenye chaki, akabaki na mashavu meupe, akaenda shule hivyo hivyo.