Losheni Iliyopiga Buluu

Saa moja na dakika kumi asubuhi, Mbeti alifungua karakana yake ya losheni mtaani Tena akakuta meza tupu. Mashine ya mawimbi ya sauti, aliyochanganyia losheni, haipo. Kitasa kizima, dirisha zima. Saa tano kliniki ya mtaa ilingoja chupa arobaini za losheni ya watoto. Akizikosa, kandarasi ingekwenda kwa mwingine.

"Ni yule fundi," majirani walisema. "Jana si alikuwa hapa?"

Mgeni ndiye mwizi wa bei rahisi. Mbeti alikwenda Majengo kwa Mumin, fundi aliyeitengeneza mashine hiyo ilipoharibika na kuirudisha jana.

"Ilikaa kwa benchi yangu siku mbili," Mumin alisema. "Kama ningeitaka, si ningekuambia tu imekufa?"

Mbeti alimwomba radhi, tena kwa aibu. Funguo zilikuwa mbili: wake, na wa mwenye nyumba, Gichuru, mwajiri wake wa zamani.

Saa tatu na nusu alifika kwa Gichuru, kwenye duka lake la losheni katika soko la Jericho.

"Ufunguo wangu ulipotea tangu Krismasi," Gichuru alisema.

Mbeti alikuwa akitazama rafu. Losheni ya Gichuru, nyeupe miaka yote, mafuta yakielea juu, leo ilikuwa angavu karibu kama maji, yenye buluu kidogo.

"Umeichanganyaje, mzee?"

"Kwa mwiko, kama kawaida."

"Tuonyeshe."

Wateja waligeuka. Gichuru alikoroga dakika kumi, jasho likimtoka. Ikatoka nyeupe kama maziwa.

"Mafuta haya yakiingia majini hujifunga vifuko," Mbeti alisema, "ngozi juu ya ngozi kama kitunguu. Mwiko hauvipasui. Mwanga ukivigonga unatawanyika, ndiyo unaona weupe. Sauti ile tusiyoisikia huvipasua, vikajifunga upya vidogo sana, vya ngozi moja, mwanga ukapita na kubakiza buluu kidogo tu. Buluu hiyo haitoki kwa mwiko. Fungua stoo."

Wateja wakitazama, Gichuru alifungua. Mashine ilikuwa chini ya gunia la magadi.

"Nilikucheka mbele ya watu," Gichuru alisema polepole. "Nilisema sauti isiyosikika haiwezi kukoroga hata uji. Na wateja wananirudishia chupa kila siku. Ningekujaje kukuomba?" Kisha akakaza uso. "Ichukue. Na chumba changu uhame leo."

Gichuru alisimama kando ya ukuta wa duka, kiganja kimefunika soketi ya umeme.

Mbeti aliiweka mashine juu ya kaunta ya Gichuru. Ilikuwa saa nne kasorobo.

"Nitahama kesho. Leo nina chupa arobaini za kuchanganya hapa hapa kabla ya saa tano," alisema, akinyoosha waya wa mashine. "Toa mkono hapo, mzee."