Suti Nyekundu Aliyoiosha Mama Mdogo

Jumatatu ile tulichelewa dakika nne tu, na Pritesh, msimamizi wetu, alikuwa amesimama mlangoni anatazama saa kama refa.

"Shikamoo, Bi Mwanahawa," alimwamkia mama yangu mdogo. Baba yake Pritesh alizaliwa Moshi, kwa hiyo Kiswahili cha adabu anacho. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, Mister Masters? Leo tunafua, au tunaandika dissertation?"

Nikatabasamu lile tabasamu la mtu anayehitaji payslip.

Niseme mapema mnijue. Nina Master's ya utalii, with distinction, ya chuo kikuu cha hapa hapa London. Niliandika kurasa mia na kumi na mbili kuhusu ski resorts za Alps: nani anakwenda, anafuata nini, na theluji ikiisha itakuwaje. Mlima wenyewe sijaukanyaga. Maombi ya kazi nimetuma mpaka neno "unfortunately" nikawa naliota. Kazi pekee niliyoipata kwenye winter sports industry, tena kwa kutafutiwa na mama mdogo, ilikuwa ghalani Barking, mashariki mwa London, kwa kampuni inayokodisha nguo za kwenda kuteleza kwenye theluji. Mtu anayekwenda mlimani wiki moja kwa mwaka haoni haja ya kununua. Anakodi koti, suruali na glavu, vinamfikia kwa posta. Akimaliza starehe zake anavitia kwenye mfuko wetu, anaturudishia pamoja na jasho lake. Sisi tunapekua mifuko, tunafua, tunakausha, tunampelekea mwingine. Nimewahi kutoa mfukoni meno ya bandia. Distinction hiyo.

Ma'mdogo hakulalamika hata siku moja. Kwake kufua ilikuwa ajira tu. Kazi yake ya heshima, ile inayofanya Waswahili wa East London wote wawe na namba yake, ni kuosha maiti wa kike. Akifariki mwanamke, ma'mdogo anapigiwa simu kabla ya ndugu wengine. Alifundishwa na bibi, Pangani, akiwa na miaka kumi na tisa.

"Sitini na tatu nimewaosha," huwa anasema, "na hakuna aliyerudi kunilalamikia."

Saa tano asubuhi ukaja mfuko ambao sikuweza kuunyanyua.

Nilidhani kuna mpumbavu amerudisha na buti za rafiki zake. Nikaufungulia pale pale kwenye kitoroli. Ndani mlikuwa na suti moja tu, nyekundu, ya kike, koti na suruali vimeungana. Glavu zilikuwa zimefungwa kwenye mikono. Kofia ilikuwa imepandishwa zipu mpaka juu. Shingoni ilikuwa na namba yetu, 0417. Na kwenye mikunjo yote ya suti ile palikuwa na theluji.

Sisemi maji. Theluji kavu, nyeupe, ndani ya ghala ambamo mimi nilikuwa nimevaa fulana na bado natoka jasho.

Pritesh akaipiga skana, akatazama kompyuta. "0417 iko out. Customer yuko Ufaransa, resort, kaenda Jumamosi. Anarudi Jumapili ijayo." Akakuna kidevu. "Wrong label hiyo, bwana. Fua tu."

Alipoondoka, ma'mdogo akapitisha mkono mmoja chini ya shingo ya suti na mwingine chini ya magoti, akainyanyua peke yake na kuilaza kwenye meza ya chuma. Sijawahi kuona nguo ikibebwa vile. Akabonyeza bega. Akakunja kiwiko, akakiachia, nacho kikarudi taratibu.

"Uzito wa mtu naujua," alinong'ona.

"Ma'mdogo, imelowa tu."

"Bado laini. Hajakaza huyu. Amefariki leo leo."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa ameshakunja mikono ya gauni.

"Geuka ukutani, Rajabu. Huyu ni mwanamke."

"Kuna mashine, ma'mdogo. Thirty degrees, delicate."

"Geuka."

Nikageuka. Nilisikia bomba likifunguliwa, nikasikia ndoo. Nilijua anaanza upande wa kulia, kisha kushoto, mara tatu, huku midomo yake ikisoma. Alikuwa anaiogesha kwa huruma ile suti, kama mtu anayemwogesha mgonjwa wake. Alipokuwa anamalizia, nikasikia mtu akivuta pumzi kwa nguvu, kama aliyeshtuliwa na maji.

Nikajiambia ni ma'mdogo.

*

Chumba chetu cha kukaushia kina joto la digrii arobaini. Jumanne asubuhi nguo zote zilikuwa kavu, zinakwaruza. Suti ya 0417 ilikuwa inaning'inia mahali pake, na chini yake palikuwa na kilima kidogo cha theluji.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? HR?

Saa nne ma'mdogo akaangusha kikombe chake cha chai. Kilimponyoka tu. Alikunja mkono wa sweta akanionyesha kifundo cha mkono wa kulia. Palikuwa na alama nyeupe kama chaki. Nne upande huu. Moja upande ule. Nikagusa, baridi yake ikanichoma. Nikajaribu kuweka vidole vyangu juu ya alama zile. Vilizidi kidogo. Ulikuwa mkono mdogo kuliko wangu.

Daktari alimhudumia kwa simu, dakika tatu. Poor circulation, vaa glavu, next.

Ilipofika alasiri weupe ule ulikuwa umepita kiwiko. Tulikaa jikoni kwake, heating imewashwa mpaka mwisho, ndani ya makoti, na kila alipozungumza mvuke ulimtoka kinywani. Wangu haukutoka. Wake tu.

"Kosa ni langu," alisema. "Nimemwosha, sijamzika. Maiti akishaoshwa hawekwi. Amenishika mpaka nimfikishe kwake."

"Hakuna maiti, ma'mdogo. Kuna ovaroli. Imamu gani atakuja kuisalia?"

"Sala sithubutu, dini yake siijui. Lakini udongo ni wa kila mtu." Akautazama mkono wake kama mkono wa jirani. "Hii ikifika kifuani, Rajabu, mimi ataniosha nani?"

Mimi nimesoma. Statistics nimesoma, research methods nimesoma. Lakini huyu ndiye aliyenipokea Heathrow. Ndiye aliyenilisha miaka miwili ya "unfortunately" bila kuniuliza lini nitahama. Weupe ulikuwa unapanda hata tukiutazama.

*

Jumatano niliitoa suti kwa mlango wa nyuma, ndani ya kitoroli cha kwendea sokoni, Pritesh akiwa kwenye simu. Magurudumu yalilia njia nzima. Mtu mmoja pale kituo cha basi akaniuliza kama nahitaji msaada.

Ma'mdogo ana kipande cha shamba alichokodi kwa halmashauri, nyuma ya reli, ukubwa wa sebule, anapanda mchicha na matembele. Mwezi wa pili hakuna kitu, ni udongo mweusi mtupu. Nilichimba tangu saa nne mpaka saa sita na nusu mchana. Treni zilipita, watu wakatutazama madirishani. Hakuna aliyeuliza. London hiyo.

Aliivisha mashuka mawili meupe. Akapaka karafuu maiti panapostahili kupakwa. Mkono mmoja ndio ulikuwa unafanya kazi, wa kulia aliubeba kwa kanga kama mtoto. Midomo yake ilikuwa ya buluu.

"Ingia," alisema. "Leo wewe ndiye kaka yake."

Nikaingia. Akanishushia, miguu kwanza. Na uzito ukaja wote mikononi mwangu, uzito wa mwanamke mzima, wenye kiuno, wenye kisogo. Nikamlaza ubavu wa kulia. Uso kibla.

"Mfungue usoni. Shavu liguse udongo."

Nilifunua shuka. Nikashusha zipu ya kofia, upana wa vidole vinne. Ndani mlikuwa na giza. Hapakuwa na uso. Giza tu.

Miwani yangu ikaingia ukungu.

Nikaifuta. Ikaingia tena. Ukungu ulikuja, ukaondoka. Ukaja. Ukaondoka.

Halafu glavu ikasogea.

Kidole kimoja kilishika mkono wa sweta langu. Kikavuta. Kikasubiri. Kikavuta tena, mara mbili, polepole, kama mtu asiye na nguvu anayeomba usiondoke.

"Rajabu?" Sauti ya ma'mdogo ilitoka juu. "Kuna nini huko?"

Nikatazama juu. Weupe ulikuwa umefika kwenye mfupa wa shingo. Alikuwa amekaa chini, hawezi tena kusimama.

"Hakuna kitu, ma'mdogo."

"Katulia?"

"Katulia."

Nikapandisha zipu. Nikabandua kidole kile kwenye sweta langu. Nikapanda. Nikachukua koleo.

Nilifukia haraka. Kuna sauti nilizisikia na kuna treni zilizokuwa zinapita, na mpaka leo nimeamua zote zilikuwa treni.

Kabla sijamaliza, ma'mdogo aliguna. Damu ilikuwa inarudi. Shingo, bega, kiwiko, mpaka kifundo, alama zikafutika moja moja, ya kidole gumba ikawa ya mwisho. Akakunja vidole, akavikunjua, akacheka kwa machozi.

"Umeona? Alikuwa anataka kwake tu, maskini. Sitini na nne sasa."

*

Ijumaa Pritesh aliniita mbele ya kompyuta. Hakuwa na utani.

Ilikuwa email kutoka Ufaransa, kutoka kwa watu wanaoshughulikia ajali za mlimani. Customer wa suti 0417 alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na tisa. Jumatatu, saa tano kwa saa za London, theluji iliporomoka ikamfunika. Waokoaji walimtafuta siku tatu. Walipanga mstari, wakatembea hatua moja moja, na kila hatua wakachoma theluji kwa fimbo ndefu nyembamba, wakitumaini fimbo itamgusa mtu. Alhamisi ikamgusa.

Alikuwa amevaa suti yetu. Namba shingoni, 0417. Picha ilikuwepo.

Mbele ya uso wake palikuwa na uwazi wa hewa, walisema. Daktari alikadiria kwamba aliishi zaidi ya siku mbili mle chini. Alikufa Jumatano, mchana.

Walikuwa na swali moja kwa kampuni. Je, suti ilipotumwa ilikuwa safi? Maana ndani ya glavu na chini ya kucha zake palikuwa na udongo mweusi wa bustani, na pale alipolala hakuna udongo, ni barafu mita nyingi kwenda chini.

"Udongo?" Pritesh alishangaa. "Sisi tunafua, bwana. Tunafua kila kitu. Rajabu?"

Nilikuwa nimeshachukua koti langu. Sijarudi pale. Ndiyo maana mnanisoma leo sina kazi, na kwenye CV yangu pana wiki sita za ghalani ambazo sizielezi kwa interviewer yeyote.

Nimezifikiria sana zile alama tano. Ma'mdogo anajua maiti, anawajua kuliko mtu yeyote London nzima, kwa hiyo alipoguswa aliona maiti. Hakumjua aliye hai. Mwanamke yule hakuwa anadai kaburi. Alikuwa chini ya theluji, gizani, mkono wa mtu ukamgusa kwa huruma, naye akaushika. Akaushika kwa siku mbili. Mimi ndiye niliyembandua.

Ma'mdogo sijamwambia. Amepona. Anaimba akipika. Wiki iliyopita alimwosha bibi mmoja wa Ilford, akarudi ametulia kama zamani.

Jumapili iliyofuata mazishi yetu alinitaka nimsindikize shambani, kuandaa matuta. Mvua ilikuwa imenyesha Jumamosi nzima, udongo umelainika, hauna alama ya mguu hata moja. Si ya mtu, si ya mbweha.

Lakini palikuwa na mashimo.

Membamba, ya kuingia kidole. Yalianza getini yakaja kwenye mstari ulionyooka kama umepigwa rula, hatua moja, shimo, hatua moja, shimo. Niliokota waya wa uzio nikauchomeka kwenye mojawapo. Waya ulizama wote, haukufika mwisho. Niliyafuata mpaka la mwisho.

La mwisho lilikuwa hatua moja kabla ya pale tulipochimba. Mbele yake udongo ulikuwa mzima.

"Panya hao," alisema ma'mdogo nyuma yangu, ameshika pakiti ya mbegu. "Yafukie, mwanangu, tupande."

Nikachukua koleo. Nikayafukia.