Vita vya Mashuka

Kengele ya mwisho ilipolia, wenzake walikimbilia uwanjani, lakini Chiriku alikwenda moja kwa moja kwa jirani kumchukua mdogo wake. Chiriku halikuwa jina lake la cheti. Alipachikwa jina hilo tangu darasa la kwanza kwa sababu ya mdomo wake. Alikuwa hodari wa kusimulia, na kila alilosimulia alilitia chumvi mpaka watu wakashika mbavu.

Alimbeba mdogo wake mgongoni hadi nyumbani, akateka maji bombani, akaosha vyombo vilivyolala tangu asubuhi, kisha akawasha jiko. Baba yao alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, na nyumbani alionekana kwa nadra. Mama yao alifua nguo katika hospitali kubwa ya mjini. Alirudi jioni akinuka sabuni kali, miguu imevimba, na neno lake la kwanza mlangoni lilikuwa, "Nipisheni nikae."

Wiki hiyo Chiriku alikuwa na jambo la kumuuliza mama.

Mwalimu wa historia alikuwa ameanzisha somo lililowafurahisha wote. Aliwaambia kwamba historia imejaa matukio yenye majina ya ajabu. Zamani mataifa mawili makubwa yalipigana vita vilivyoitwa kwa jina la sikio, kwa sababu nahodha mmoja alikatwa sikio baharini. Katika nchi nyingine, wanajeshi walipelekwa wakiwa na bunduki kupigana na ndege warefu waliokuwa wakiharibu ngano, na ndege hao hawakushindwa. Darasa zima lilicheka.

"Hata mji wetu una majina yake," mwalimu alisema. "Kuna Ijumaa ya Mbuzi. Kuna Mwaka wa Kofia Moja. Kuna Vita vya Mashuka. Kila mmoja achague tukio, akamuulize mtu mzima anayelijua, kisha aje atusimulie. Sitaki mambo ya kuokota. Nataka kujua nani amekueleza."

Chiriku alinyoosha mkono kabla ya wote. "Mimi Vita vya Mashuka, mwalimu! Mama yangu anafua mashuka hospitalini."

Aliona ameokota embe lililoanguka lenyewe. Lakini jioni ile, alipomuuliza, mama aliinua kiganja bila kufumbua macho.

"Mwanangu, leo sina hata mate ya kumeza. Hayo ni mambo marefu. Kesho."

Kesho yake mfanyakazi mwenza wa mama aliugua, na mama akafanya zamu mbili. Usiku huo Chiriku alimkuta kwenye kiti amelala, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Alisimama akimtazama. Alitaka kumwamsha, akaona huruma. Kisha mdogo wake akamwaga uji sakafuni, na ilimbidi apige deki. Alipomaliza, mgongo ulimuuma na macho yalikuwa mazito. Zamu yake darasani ilikuwa asubuhi.

"Vita vya mashuka," alijisemea. "Kwani kutakuwa na nini? Watu walipigana kwa mashuka, basi."

Asubuhi alisimama mbele ya darasa na kufungua mdomo, na maneno yakaja yenyewe. Alisimulia kwamba wauguzi wawili waligombea shuka moja jipya, huyu akivuta huku na yule kule. Wapishi wakaingilia. Wagonjwa wakaruka vitandani na kuanza kuchapana kwa mashuka yaliyolowa maji. Mwisho daktari mkuu alikuja kuamua ugomvi, akateleza, akatumbukia katika pipa la sabuni, na alipotoka alikuwa na mapovu mpaka masikioni.

Wanafunzi walipiga madawati kwa kicheko. Mwalimu mwenyewe alifuta machozi.

"Nani amekusimulia haya?" aliuliza.

Chiriku alisita kidogo tu. "Mama yangu."

"Basi Jumamosi, siku ya wazazi, utasimulia wewe. Mwambie mama asikose."

Wenzake walimpongeza, lakini Chiriku aliwaacha, akaondoka peke yake. Alitembea kurudi nyumbani polepole, kama mtu aliyebebeshwa mzigo usio wake.

Jioni mama alisikia habari za siku ya wazazi kutoka kwa jirani. Aliweka kijiko chini.

"Kumbe umechaguliwa! Utasimulia nini?"

"Vita vya Mashuka," Chiriku alijibu kwa sauti ndogo.

Mama alimtazama. Uso wake uliochoka ulilainika kwa namna ambayo Chiriku hakuwa ameiona kwa muda mrefu.

"Nani amekueleza?"

"Nimesikia tu, mama. Watu wanaongea."

"Ah. Hata hivyo, nashukuru. Miaka yote hii watu wanasikia jina, wanacheka, wanapita. Hakuna aliyewahi kusimama akatusemea." Alikuwa akiongea zaidi na nafsi yake kuliko na mtoto. "Nitawaambia wenzangu. Jumamosi tuna nafasi ya asubuhi. Tutakuja wote."

Chiriku alisukuma sahani yake pembeni. Kutusemea? Kwa hiyo mama alikuwemo! Na si mama peke yake, wangekuja wafuaji wote, waache usingizi wao wa Jumamosi, waje kumsikia akisimulia habari za daktari kwenye pipa la sabuni.

Siku nzima iliyofuata hakusikia somo hata moja. Uongo wenyewe ulikuwa mwepesi kuusema, lakini kuulinda kulichosha kuliko kuteka maji. Kila rafiki aliyemwomba arudie kisa, ilibidi akumbuke alisema nini mwanzo. Kengele ilipolia, alimwomba jirani akae na mdogo wake kidogo, akaenda hospitalini.

Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma ya jengo. Joto lilimpiga usoni alipofungua mlango. Mashine kubwa zilinguruma kama malori, na mvuke ulijaa mpaka kwenye dari. Wanawake waliovaa aproni ndefu walikung'uta mashuka moja moja juu ya meza ya bati kabla ya kuyatia katika mashine. Wote walivaa glavu nene zilizofika kwenye viwiko. Mama alikuwa kando ya ukuta, akisukuma kitoroli kilichojaa mpaka juu.

"Kuna nini? Mtoto yuko wapi?" mama alishtuka.

"Yuko kwa jirani, salama. Mama, sikukueleza ukweli."

"Unasemaje? Sikusikii!"

"Nasema kile kisa..."

"Paza sauti, mwanangu! Mashine!"

Chiriku alivuta pumzi na kupiga kelele, "Nimedanganya!"

Wakati huohuo mashine zikamaliza mzunguko na kuzima. Neno lake lilitua katikati ya chumba kimya. Wanawake wote waligeuka.

Hakuwa na pa kujificha. Alisimulia yote, akiangalia vidole vya miguu yake: wauguzi waliogombana, wapishi, wagonjwa, daktari na mapovu yake, na jinsi alivyomwambia mwalimu kwamba mama ndiye aliyemwambia. Alipofika kwenye mapovu, mfuaji mmoja kijana alicheka, akajiziba mdomo haraka.

Mama hakufoka. Chiriku angependa afoke. Alivua glavu, akakaa juu ya furushi la mashuka safi, akasugua magoti.

"Umesema mimi ndiye niliyekueleza?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Mwambie sasa," alisema mwanamke mmoja mnene aliyesimamia pasi. Wenzake walimwita Mama Mvuke. "Ukikasirika bila kumwambia, Jumamosi atasimama na lipi?"

Mama akaanza, kwa sauti ya mtu anayepanda ngazi ndefu.

"Wakati huo nilikuwa msichana, mgeni hapa. Tulishika nguo chafu kwa mikono mitupu, bila glavu. Mashuka yalitoka wodini yamekunjwa ovyo, na ndani mna kila kitu, damu, pamba, hata sindano zilizosahauliwa. Alikuwepo dada mmoja tuliyemwita Bibi Harusi, kwa kuwa alianza kazi akitoka kuolewa. Alikuwa akiimba mpaka mashine zinanyamaza. Siku moja alichomwa na sindano iliyobaki kwenye shuka. Akanyonya kidole, akaendelea na kazi. Nani alijua? Baadaye akaanza kuumwa, akanyauka mbele ya macho yetu. Akafa, akaacha mtoto mchanga."

 Maji yalidondoka mahali fulani.

"Tulikwenda kwa mkuu wa hospitali," Mama Mvuke alidakia. "Tukaomba glavu, na mashuka yakaguliwe wodini kabla ya kuletwa. Tukaambiwa tusubiri. Tukasubiri mpaka tukachoka. Ndipo tukasema hatugusi mashuka tena ila ya wodi ya watoto na ya wazazi. Wale hatukuwaacha."

"Mashuka yaliyochakaa, yale safi yaliyotengwa kuwa matambara, tuliyatandaza kwenye madirisha ya ofisi," mama aliendelea. "Na kwenye uzio wote. Mkuu akikaa mezani haoni nje. Akamtuma mlinzi ayatoe. Mlinzi akivuta, nasi tunavuta. Shuka likamzunguka, likamfunga kama mtoto mchanga, akaanguka kwenye maua. Waliokuwa wakipita barabarani walicheka mpaka wakakaa chini. Kesho yake mji mzima unasema Vita vya Mashuka."

"Na glavu?" Chiriku aliuliza.

"Zililetwa. Zinavuja mara nyingine, lakini zipo." Mama aliinua zake. "Jina likabaki na kicheko. Bibi Harusi akasahaulika."

"Mlikuwa mashujaa, mama."

"Mashujaa gani? Tulikuwa tumechoka. Na tulikuwa tunaogopa kufukuzwa." Alisimama kwa taabu. "Kesho uende kwa mwalimu, umwambie mwenyewe. Mimi sitakwenda kukusemea."

Mwalimu wa historia alikuwa akisahihisha madaftari, rundo kushoto na rundo kulia. Alimsikiliza Chiriku mpaka mwisho, kisha akaweka kalamu chini na kufumba macho kidogo.

"Nilikuuliza mbele ya watu wote nani amekueleza."

"Ndiyo, mwalimu."

"Mama yako alikuwa hajasema neno, nawe ukamtia maneno mdomoni." Aliguna. "Ningeweza kumpa mwingine nafasi yako. Lakini hao wanawake wameahidiwa. Utasimulia. Ila utaanza kwa kuwaambia wenzako kwamba kisa cha kwanza ulikitunga. Hilo ndilo sharti."

Jumamosi ukumbi ulijaa. Wafuaji walikaa mstari wa nyuma, wamevaa nguo zao nzuri, na mmoja wao alikuwa anasinzia tayari. Chiriku alipanda jukwaani.

"Kisa nilichowasimulia darasani kilikuwa uongo," alianza. "Nilikitunga mwenyewe, nikamsingizia mama yangu."

Minong'ono ilizuka. "Na daktari wa sabuni?" mvulana mmoja alipaza sauti kwa masikitiko.

"Hakuwepo. Lakini Bibi Harusi alikuwepo."

Safari hii hakutia chumvi. Alieleza habari za mikono mitupu, sindano, kusubiri, na matambara kwenye madirisha. Alipofika kwa mlinzi na maua, watu walicheka, na wafuaji walicheka kuliko wote. Halafu akataja mtoto mchanga aliyeachwa na Bibi Harusi, na kicheko kikafa polepole, kama maji yanayokauka. Mama Mvuke alimtikisa mwenzake aliyesinzia, akamnong'oneza, "Amka, anatajwa."

Alipomaliza, mwalimu alipanda jukwaani.

"Watoto, sikilizeni," alisema. "Jina la kuchekesha mara nyingi hutolewa na watu waliokuwa wakipita njia. Waliona shuka na mlinzi, wakacheka, wakaenda zao. Cheka, si vibaya. Lakini ukishacheka, nenda ukawaulize waliokuwa ndani. Na ukiona sindano au kitambaa chenye damu popote, usiguse. Mwite mtu mzima. Kuna aliyekufa ili mji huu ujifunze hilo."

Wazazi walipiga makofi. Wafuaji hawakukaa sana, kwani zamu ya mchana ilikuwa ikiwangoja. Waliondoka wameshikana mikono, wakimwimbia Bibi Harusi wimbo ambao Chiriku hakuujua.

Mama alikuwa na saa moja ya ziada. Walitembea taratibu. Kwenye ukuta mfupi wa duka lililofungwa, mama aliketi, akavua viatu, akanyoosha vidole.

"Bado umenikasirikia?" Chiriku aliuliza.

"Kidogo. Itapita." Mama alimvuta akae karibu. "Niliahidi kesho, na kesho haikufika. Hilo ni langu. Nawe ulikuwa umechoka, najua. Nyumba yetu nzima imechoka. Lakini sikiliza, mwanangu. Kuchoka si kosa. Ungesimama darasani ukasema, 'Sijui bado, mama yangu amechoka, hajanieleza,' hakuna ambaye angekufa kwa hilo. Ungepata alama mbaya siku moja, basi. Uongo unaonekana njia ya mkato, lakini umekuchosha kuliko kazi zote za nyumbani. Sivyo?"

"Ndivyo, mama."

"Usilolijua, sema hulijui. Kisha uliza. Na maisha ya mtu usiyatunge wakati yupo wa kuulizwa."

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Kwa mara ya kwanza katika wiki nzima hakuwa na la kuongeza. Alichukua viatu vya mama, akavishika mkononi, nao wakakaa pale ukutani wakipumzika mpaka mama aliposema wanaweza kwenda.